Jogoo ya Ahadi na Milango Kenda

Lundi, tarehe 8 mwezi wa kenda — Kasindi, ku mupaka

Ndiyo, ni jogoo. Hapana, haiuzishwe. Hapana mama, ata kwa bei ya mbuzi!

Hivi njo najibu batu tangu asubui. Dereva aliuliza, mutu wa douane aliuliza, mama wa mandazi aliuliza mara mbili. Nimechoka kusema, basi naandika. Hii agenda, kitabu ya tarehe, ni ya mwaka ilipita. Nilinunua carton muzima nikawaza nitatajirika — nani ananunua mwaka yenye ilikufa? Donc mi mwenyewe njo client. Siku na tarehe hazipatane, nafuta na bic, naandika yangu.

Jogoo ni ya Maman Berthe, mama ya Joyeuse. Joyeuse njo mwenye nataka kuoa. Yee anakubali. Mama yake hasemi ndiyo, hasemi hapana, ananiangalia tu vile banaangalia nyanya ku soko.

Iko na kijana, Éphraïm, kaka ya Joyeuse. Mwaka juzi batu ba pori balimukamata mu shamba ya cacao, kule nyuma ya Kalunguta. Miezi ine! Maman Berthe akafunga ahadi: mutoto akirudi muzima, jogoo yake ya muzuri itaenda ku Namugongo, kwa bamartyrs ba Uganda. Mutoto akarudi. Muzima, mais bila maneno. Alikaa mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, miezi mingi, anasema paka na hii jogoo tu. Aliipa jina: Kapita. Mimi nilikuwa namusalimia, anageuka, anasalimia Kapita. Nilikuwa nacheka. Haikukuwa ya kucheka, najua.

Sasa anasema kidogo, na anataka kurudi mu shamba. Cacao inaiva, wezi banakula yote. Mama anakataa: «Muguu yako haifike Kalunguta mbele ya jogoo kufika Namugongo.» Njo vile wote banangoja jogoo.

Na nani anaenda Kampala kila mwezi kuchukua maperruque, nywele za kuvaa? Sikuli. Na nani amesema miaka tatu kama anasali Namugongo kila safari? Sikuli, ni mimi, na kinywa yangu mwenyewe! Nilisema vile juu Maman Berthe anipende. Kampala najua soko ya perruque, parking ya mabus, na pahali moja banachoma nguruwe. Basi. Mambo ya Namugongo nilitoa ku calendrier yake, ile iko ku ukuta wa salon, imepasuka nusu: paa moja munene inapanda juu, na majani ya kijani chini.

Jana jioni, mbele ya kunipa jogoo, batu bote ba nyumba baliigusa kichwa, mumoja mumoja. Hivi njo banafanya. Éphraïm aligusa wa mwisho. Alikawia. Maman Berthe akaniambia: kitu yenye umepatia Mungu hairudi tena mu lupango. Nikasema, maman, mi niko kama posta. Akasema, posta ya hapa kwetu ilikufa zamani.

Mardi, tarehe 9 — Kampala

Tumefika. Mugongo imekufa. Perruque kumi na mbili nimepata, za murefu, za kulala paka ku kiuno. Kapita amelala chini ya kitanda ya lodging. Amelia mara moja, na batu ba Butembo, benzangu ba biashara ya kule kwetu, bote bamecheka. Juu sauti yake haimalizike! Inaanza muzuri — kokori — na inakatika, kama moto, ile pikipiki, yenye imeisha essence ku kilima. Éphraïm anasema iko inawaza.

Kesho natoa jogoo, jioni napanda bus. Kikaratasi yangu ya mupaka inaisha jeudi, kesho kutwa.

Njia? Kuuliza njia mbele ya hawa batu ba Butembo, mi mwenye nasalia kule miaka tatu? Aka! Tena njia naijua. Ku dirisha ya lodging naona kilima, na juu ya kilima ile paa munene ya kijani. Naionaka kila mwezi. Ni ya calendrier, kabisa.

Mercredi, tarehe 10

Siku gani hii. Naandika mu bus, maandishi inaruka, shauri yake.

Nilipanda kilima na miguu, Kapita mu kitunga, shati ya mashati yote. Kule juu — mama yangu! Majani banakata sawasawa, kama kichwa ya mutoto wa masomo. Miti minene, kila moja na pahali yake. Hakuna mutu anauzisha kitu! Hakuna mama na karanga, hakuna mutu wa mishumaa, hakuna mutu wa maji ya baraka. Nikawaza: hawa bamartyrs banalala juu ya makuta, pesa mingi, na hakuna mutu ameona. Mi ningeweka pale meza moja tu.

Na nyumba yenyewe! Muviringo. Ile paa ya kijani iko kama sufuria munene yenye banageuza ikauke. Milango kenda. Nilihesabu nikizunguka, nikawaza labda nimepita moja mara mbili, nikazunguka tena. Kenda. Pale kulikuwa bibi-arusi na batu bake, banapiga picha. Nikamuomba mutu wa picha anipige na simu yangu: Kapita juu, meno inje, paa nyuma. Hapo hapo nikatuma kwa Joyeuse. «Tumefika. Ambia mama.» Kwa hii mukono ya kuume. Ingeoza!

Juu kisha ya ile picha njo mama moja alikuja. Simone, anaonyesha wageni pale. Alisikia vile naongea na jogoo, akacheka: «Papa, Swahili yako ni ya kule kwetu.» Yee ni wa Bukavu, iko Kampala tangu miaka kumi. Nikamwambia: maman, niko na matoleo, mutu wa kupokea iko wapi? Padri? Sacristain?

Akasema hapa hakuna padri.

Diacre?

Hakuna. Hakuna mutu wa kuhubiri. Mutu anaingia, anasali vile anajua, anatoka. Mukatoliki, Muislamu, Muhindu, bote. Ni nyumba ya ba Bahá'í.

Nikauliza, ba Bahá'í ni bamartyrs gani? Akaniangalia kwanza. Kisha akauliza pole pole: «Papa, unatafuta Namugongo?»

Kapita njo alijibu: kokori —. Na bibi-arusi akacheka.

Namugongo iko upande ingine ya muji. Ata hapa haionekane. Miaka tatu nasalimia kilima ya benyewe!

Nikajaribu kufanya affaire. Niko Mukatoliki mwepesi, nikamwambia, mais Mungu si mumoja? Mupokee tu hii jogoo, mi niende. Akasema hawawezi. Batu ba imani yao peke yao njo banatoaka matoleo, mutu wa inje hapana, ata akileta ngombe. Sijaona! Mi nimekuwa mu makanisa mingi, kanisa yenye inakataa kuku sijaona. Nilizunguka ile milango yote nikitafuta kisanduku ya matoleo, labda ananidanganya. Hakuna kisanduku.

Akaniambia: «Acha jogoo na mutu wa bustani, ingia upumuzike. Haiko kitu ya kulipa.»

Nikaingia. Kimya. Hakuna sanamu, hakuna musalaba, hakuna ngoma. Viti, na mwangaza inatoka juu. Nilikaa. Sikukuwa na kitu ya kuuzisha na hakuna mutu wa kumuuzishia. Nilisikia tumbo yangu. Nilisikia moyo, kweli, nikashika kifua nikawaza ni simu. Nikakumbuka Éphraïm siku alirudi: alisimama ku mulango na viatu ya mutu mwingine, moja ya kijani, moja nyeusi, na mama yake akaanza kufua hivyo viatu mbele ata ya kumukumbatia. Alifua paka rangi ikaanza kutoka. Mi nilikuwa pale. Siku ile nilisema kichekesho gani? Nilisema kitu. Sikumbuke.

Na mu ile kimya, inje, mbali: kokori —. Inakatika. Mwanamuke moja mbele yangu mabega ikatetemeka na kucheka, na hakutoa sauti. Mi nililia. Kidogo tu. Mu nyumba ya benyewe!

Kutoka, ilikuwa saa kenda. Bus ni saa kumi na moja. Simone akaniandikia njia ya Namugongo ku karatasi, taxi hii, kisha taxi ile. «Lala, uende kesho asubui.» Mais kikaratasi ya mupaka inaisha kesho. Na perruque za baclients bangu. Na picha imeisha kwenda.

Nikasema, mwezi ujao. Nitamuficha Kapita kwa rafiki, mwezi ujao nitamurudisha, nani atajua?

Nikachukua Kapita, nikapanda bus.

Saa mbili ya jioni, Joyeuse ametuma sauti. Ni ya mama yake. Vigelegele kwanza, paka nikaweka simu mbali na sikio. Kisha: «Sikuli, mutoto wangu. Nimeweka picha yako kandokando ya calendrier. Ni yenyewe! Wasingya, mutoto wangu, wasingya.» Asante, na tena asante.

Mutoto wangu. Miaka tatu nangoja hili neno. Na limekuja hivi.

Na nyuma ya sauti yake, nasikia mutu ananoa panga ku jiwe.

Jeudi, tarehe 11 — Beni

Mupaka nimepita. Tumetoka Kasindi na magari mingi, basoldats mbele, basoldats nyuma. Ku barrière moja adjudant mumoja, anaitwa Ignace, wa kule Équateur, anasema paka Lingala. «Soso oyo ya nani?» Kuku hii ya nani? Nikamwambia, mokonzi, mukubwa wangu, ni ya Mungu. Akasema Mungu hayuko hapa, yee njo iko hapa. Na anapenda mguu. Nikamwambia hii jogoo ilikuwa mu Ouganda kwa benye kusali, imepakwa maombi ya milango kenda, mutu akiikula tumbo itafunguka milango kenda. Batu ba mu gari bote bakacheka, yee akacheka kupita wote. Tukapita.

Umeona? Kwa uongo sina mwenzangu. Njo nguvu yangu. Njo kamba yangu pia.

Kapita akaweka kichwa inje ya kitunga, ananiangalia na jicho moja.

Vendredi, tarehe 12 — Beni

Ville morte! Bajeune wamefunga muji. Paka mardi hakuna gari, hakuna moto, hakuna duka. Banachoma mapneu ya magari ku rond-point. Tumelala mu lupango ya agence, portail imefungwa na minyororo, batu sita na jogoo moja. Butembo iko pale tu, karibu. Kwa siku ya muzuri unafika chai ingali moto.

Éphraïm anaenda lini? Nimeandikia Joyeuse. Hajajibu.

Kapita anakula mchele yangu.

Samedi, tarehe 13

Joyeuse amejibu. Kesho misa ya kwanza ni ya kushukuru, mama amelipia. Lundi saa kumi na mbili ya asubui Éphraïm anapanda moto kwenda Kalunguta. Na vijana babili. Mama mwenyewe amemufungia chakula. «Juu ahadi imelipwa», Joyeuse anaandika. Na moyo mwekundu pale chini. Moyo!

Dereva wetu ni Papa Kitsa, mutu wa Kayna, muzee wa barabara, hacheke bure. Nimemwambia hadithi yote, na vichekesho vyake, na milango kenda, na bibi-arusi. Nilingoja acheke.

«Kwani simu yako imekufa?» akauliza.

Hapana papa, iko nzima.

«Basi unangoja nini?»

Nikamwambia, papa, nikisema kweli, nimepoteza bibi. Mama atasema alinipa mutoto wake mu kitunga na nikamutembeza kama perruque. Tena, papa, jogoo kufika ao kutofika, batu ba pori, na bunduki zao, batajua namna gani? Ahadi haizuie masasi.

Papa Kitsa akatema mate. «Ahadi haizuie masasi. Mais ilikuwa inazuia kijana kutoka.»

Akaenda kulala mu cabine.

Ukweli. Ile jogoo njo ilikuwa kufuli ku mulango ya Éphraïm. Na mimi nimefungua, na picha, nikicheka.

Kamba ya Kapita nimetoa. Anatembea mu lupango, anafika ku portail, anarudi. Kama mimi. Tumefanya njia moja ku udongo, miguu mbili na miguu mbili.

Dimanche, tarehe 14 — saa kenda ya mchana

Nimepiga. Kweli, nimepiga! Niliingia nyuma ya camion, nikaweka jogoo mbali, nikapiga. Nilikuwa na unités za kupigia kidogo, za mwisho. Maduka imefungwa, ku simu hakuna makuta, yote iko mu nywele. Nilipanga maneno: Maman, samahani, jogoo haikufika. Maneno ine! Mutoto wa darasa ya kwanza anaweza.

Maman Berthe akaitika: «Ni Sikuli! Ni mutoto wangu! Joyeuse, weka sauti ya nguvu!» Na nikasikia viti, masahani, batu ba misa bote beko pale banakula. Baba mudogo ya Joyeuse, mwenye hakukuwa ananisalimia, anasema «mukwe wetu, beau-fils». Mama anasema: «Baambie. Baambie vile walipokea jogoo.»

Na mimi... kinywa yangu ilikwenda peke yake. Kama moto ku mutelemuko. Nikasema majani ya kijani. Nikasema mwangaza inatoka juu. Nikasema nilikaa mu kimya na nikalia — na hii ilikuwa kweli! Njo ubaya: yote ilikuwa kweli. Paka pahali njo ilikuwa uongo. Banapiga makofi. Mama mumoja anasema amina.

Kisha sauti ingine, ya chini. Sikuijua kwanza juu hajawahi kunisemea. Éphraïm.

«Yaya Sikuli. Vile ulimuacha, Kapita alilia?»

Yaya. Aliniita yaya, kaka yake mukubwa.

Nikasema: «Hapana, petit. Alitulia. Alikuwa sawa.»

Na Kapita, mwenye niliweka mbali, mwenye nilifungua kamba mi mwenyewe, amesimama juu ya pneu ya camion, mita mbili na sikio yangu. Ameinua shingo.

Kokori —

Ikakatika. Pale pale inakatikaka kila siku.

Kule upande ingine, hakuna sahani, hakuna kiti. Kimya kupita ile ya kilima. Nilisikia mutu anapumua ku simu. Nikafungua kinywa niseme maneno ine, walahi nilikuwa naisema, nilifika ku «Maman» —

Na unités zikaisha. Tii, tii, tii.

Nikangoja bapige. Banaweza kunipigia, kupokea si ya bure? Saa moja muzima nimekaa na simu ku goti. Hawapige. Mama hapige. Joyeuse hapige. Labda banawaza ni jogoo ya jirani, mu Beni jogoo ni mingi. Labda banakula tu. Labda Éphraïm anajua na hajasema, yee mutu wa kutosema. Labda anajua na ataenda vile vile, juu cacao inaiva.

Papa Kitsa simu yake ni ya laini ya Ouganda, haina kitu. Balinzi ba agence bametoka jana na ufunguo. Batu ine ba kusafiri na sisi: mumoja hana simu, batatu banalia unités kama mimi.

Mais inje ya portail batu banapita na miguu. Naona viatu chini ya chuma. Sandales, mabotte, ya batoto. Kesho saa kumi na mbili iko karibu, naona giza itaikula upesi.

Donc nachana hii page. Hii tu, ingine ni ya kwangu. Naipitisha chini ya portail.

Wewe mwenye umeokota: mi ni Sikuli wa perruque, niko hapa ndani, gonga utanisikia. Tufanye affaire. Namba iko hapa chini, ya mama mumoja wa Butembo, anaitwa Berthe. Piga leo, piga sasa, ata na unités za rafiki. Sema tu hivi: «Jogoo haikufika Namugongo, Sikuli alidanganya, Éphraïm asitoke.» Usiongeze kitu, usimutetee Sikuli. Akitukana, vumilia, ni mama. Ukimaliza, rudi ugonge mara tatu, nakupitishia juu ya ukuta perruque moja ya Kampala, ya murefu, mpya. Unaona ni kidogo? Chukua mbili. Chukua zote kumi na mbili, na kitunga, na carton ya agenda yenye iko Butembo nitakuletea mwenyewe.

Jogoo, hapana. Jogoo haiuzishwe, iko na njia yake, na safari hii nitauliza njia.

Tumepatana?